Tulilima Kuelekea Mtoni

Siku trekta ilipoingia shambani kwetu mara ya kwanza, mama mkwe wangu alivaa nguo ya kanisani. Ilikuwa siku ya kazi, jua la Februari limekausha kila kitu na vumbi limetuingia mpaka masikioni, lakini yeye alitoka nyumbani na kitambaa cheupe kichwani na viatu miguuni, akasimama pembeni mwa shamba akingoja. Mimi nilikuwa nimeolewa na mwanawe wa pekee miaka michache tu. Niliona ni furaha ya mtu aliyepata ardhi baada ya kukaa muda mrefu bila hata mahali pa kupanda kitunguu.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha lile lililokuwa la mzungu mmoja nje ya Eldoret, upande wa barabara ya kupanda Timboroa. Watu wa kwetu Murang'a na wa kwingineko walijiunga wakalinunua pamoja, kisha mpimaji akaja akalikata vipande virefu vyembamba, kila kimoja kikianzia barabarani juu na kuishia mtoni chini, ili kila mtu apate njia na kila mtu apate maji. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Tulichosahau ni kwamba kipande cha namna hiyo ni mteremko mtupu tangu mwanzo hadi mwisho, na wembamba wake hauruhusu trekta kugeuka ikalima kwa upana. Ilikuwa lazima ilime kwa kushuka na kupanda.

Mzungu alikuwa ameacha mistari ya nyasi iliyokata mteremko kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila mmoja na upana wa kitanda, na sambamba na kila mstari kulikuwa na mtaro wa kina cha goti. Hiyo mitaro ndiyo mama mkwe aliyoivalia nguo ya kanisani. Trekta ilipofika kwenye mstari wa kwanza, dereva alisimama akauliza kama auruke. Mama mkwe akamwambia apite. Visahani vya plau vikaingia kwenye nyasi vikazipindua, mtaro ukajaa udongo, na wanawake waliokuwa wamekuja kutazama wakapiga vigelegele. Yeye alifuata trekta kwa miguu hadi chini mtoni, akiangalia kila mtaro ukifukiwa. Nami nilipiga vigelegele pamoja na wengine. Nilikuwa na sauti nzuri wakati huo, na niliitumia yote.

Jirani yetu wa upande wa kushoto hakuifukia yake. Alikuwa mzee kutoka Magharibi, mtu aliyefanya kazi kwa mzungu huyo huyo miaka mingi akiswaga maksai, na alikuwa amejiunga na wanunuzi akapata kipande sawa na chetu. Alilima kwa maksai wawili, kwa upana wa kipande, akifika mpakani kwetu anageuka, akifika mpaka wa pili anageuka tena, kutwa nzima. Mabua ya mwaka uliopita hakuyachoma. Aliyaacha yamelala shambani, hata shamba lake likafanana na kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Sisi tuliochoma na kufagia tulimwona mvivu, na zaidi ya hapo tulimwona mtumishi ambaye hajasikia kwamba uhuru umekuja. Siku moja nilimwambia, kwa mzaha wenye meno, kwamba mzungu ameshaenda, sasa anaweza kupumzika. Akacheka kidogo akasema mzungu ameenda kweli, lakini mvua ingali iko.

Mavuno yetu ya kwanza yaliniongezea kiburi ambacho sikukihitaji. Udongo uliopinduliwa na trekta ulikuwa laini kama unga wa uji, mbegu za haibridi zikatoka zote siku moja, na kufikia Julai mahindi yetu yalinipita kichwa huku ya mzee yakiwa ya kijani kibichi cha kawaida, yamefika begani. Nilipita mpakani kwake bila haraka. Mume wangu, aliyekuwa na duka dogo mjini Eldoret na kuja nyumbani Jumamosi, aliwaleta wateja wake waone. Mama mkwe alikaa mlangoni pake chini ya mteremko, karibu na mto, akiyatazama mahindi yakipanda kilimani bila kukatwa na kitu chochote. Sikuwahi kumwona ametulia vile, kabla ya hapo wala baadaye kwa muda mrefu.

Mwaka wa pili haukuwa mbaya. Mwaka wa tatu ndio nilioanza kuona.

Kwetu Murang'a tulikuwa na misimu miwili ya mvua. Ukikosa mmoja unajipa moyo kwa mwingine. Huku msimu ni mmoja, na ukikosa umekosa mwaka. Mvua ya Aprili ilipokuja, maji yalishuka yakifuata mifereji ile ile ambayo plau ilikuwa imeichora kutoka juu hadi chini. Nilisimama mlangoni nikayatazama yakipita mekundu, mazito, na sikuelewa kwamba ninachokitazama ni shamba. Mvua ilipokatika nilipanda juu nikakuta mbegu zimelala wazi kwenye udongo mgumu wenye rangi ya tofali. Chini, karibu na nyumba ya mama mkwe, udongo mzuri ulikuwa umejaa hadi kwenye ua wa nyumba yake, umefunika maharagwe yake yote. Tulipanda upya. Mahindi ya juu yalifika kiunoni yakawa ya manjano, yakasimama hapo hapo.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilizipeleka kwa jembe. Nilichimba kando ya shina moja nione lina nini. Jembe liliingia kiasi cha shubiri moja, kisha likagonga kitu, mikono ikanitetemeka. Nilidhani ni jiwe. Nikasogea, nikachimba tena, ikawa vile vile. Niling'oa lile shina, na mizizi ilikuwa imeshuka shubiri hiyo moja, kisha ikapinda kando yote pamoja, kama vidole vya mguu kwenye kiatu kidogo.

Nilimpelekea mzee lile shina. Kufika kwake nikiwa nimelishika mkononi kulinigharimu zaidi ya ninavyoweza kueleza hapa, kwa sababu maneno yangu ya mzaha nilikuwa nayakumbuka yote, na nilijua naye anayakumbuka. Hakuyarudisha. Alilitazama akasema, "Mama, chini huko kuna sakafu. Hiyo trekta ya mzungu ilikuwa inapita kila mwaka, kina ile ile, inapiga hiyo udongo ya chini mpaka inakuwa simiti. Sasa yako imepita hapo hapo. Maji haina mahali ya kuingia."

Kisha alinipeleka shambani kwake. Aliinua mabua yaliyooza nusu, na chini yake udongo ulikuwa na unyevu wakati wangu umepasuka. Nyungunyungu walikuwa wamejaa. Akainua jembe la uma, akalishusha bila nguvu, meno yakazama yote. Alinieleza kwamba naye alikuta sakafu ile ile, akaivunja kidogo kidogo kwa jembe la uma, kipande kwa kipande, miaka miwili, na ndiyo maana mahindi yake yalichelewa kupendeza. Mabua yanazuia tone la mvua lisipige udongo uchi. Maksai akilima kwa upana, kila mfereji unashika maji yake. Na maji yakizidi, mtaro unayapokea kabla hayajapata mbio. Alisema yote hayo taratibu, bila kunihubiria, na mimi nilirudi nyumbani nimejaa mambo ya kufanya. La mitaro ndilo nililoliweka mbele, kwa sababu katikati ya shamba letu maji yalikuwa tayari yameanza kukata korongo.

Nilimweleza mume wangu Jumapili tulipotoka kanisani, njiani, mama mkwe akiwa mbele na wanawake wenzake. Alisikiliza habari za sakafu na mabua akasema sawa. Nilipotaja mtaro alisimama. Akaniambia nisilitaje neno hilo nyumbani kwa mama yake. Bwana shamba alikuwa amepita mwaka uliotangulia na kulitaja, kijana wa watu ametoka chuoni na baiskeli yake, na mama alimuuliza kama askari wake amewaacha barabarani, kisha akamfukuza. Nilikuwa nimesikia kisa hicho nikakicheka. Sasa mume wangu alinieleza maana yake.

Wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, watu wa kwao walipofungiwa kwenye vijiji vyenye boma la miti iliyochongwa, wanawake walikuwa wakitolewa kila asubuhi kwenda kuchimba mitaro milimani. Kila mwanamke alipimiwa kipande chake kwa fimbo, na hakuna aliyetoka kwenye kipimo chake kabla hakijaisha. Mama alikuwa na msichana mdogo, ameachishwa kunyonya karibuni, mdogo wake mume wangu. Mvua ilipokuja mtoto alishikwa na kifua. Mama aliomba ruhusa abaki naye, akanyimwa. Alimfunga mgongoni akaenda naye, na siku ya tatu mtoto akafia pale pale mgongoni, kabla ya saa sita. Mama alipiga kelele. Aliyekuwa amesimama juu yake alimwambia amalize kipimo kwanza.

Mume wangu aliyasema hayo akitazama barabara. Alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka. Aliongeza kwamba mama yake alipoambiwa kuna ardhi Eldoret, swali lake lilikuwa moja tu, kama huko mtu analima apendavyo.

Niliona aibu hadi nikashindwa kula siku hiyo. Nilifikiria vigelegele vyangu, jinsi nilivyovipiga bila kujua, na jinsi yeye alivyotembea nyuma ya ile trekta. Nilijiambia sitautaja mtaro tena maishani mwangu. Lakini udongo haukuwa na habari ya ahadi zangu. Kule Murang'a hatukuwa na pa kurudi. Kipande cha mama kilikuwa kimechukuliwa wakati huo huo wa vijiji, na tulichokuwa nacho duniani ni ule ukanda mwembamba uliokuwa ukihamia mtoni mbele ya macho yetu. Nilikuwa na watoto wawili wa kulisha.

Basi nilifanya yale mengine yote. Niliacha mabua shambani, na majirani wakanicheka kama nilivyomcheka mzee. Nilimwomba mzee anilimie kwa maksai wake kwa upana. Nilivunja sakafu kwa jembe la uma kuanzia juu, mistari michache kwa siku, hadi viganja vikawa kama ngozi ya kisigino. Yalisaidia. Sehemu ya juu, isiyoinama sana, mahindi yalirudi kuwa kijani, na mizizi niliyoichimbua ilikuwa imeshuka moja kwa moja kama inavyotakiwa. Lakini chini ya hapo, mteremko unapokaza, maji yalikusanyika yakashinda mabua na mifereji ya maksai, na lile korongo la katikati likaendelea kula. Kwa mvua ya mwaka ule lilifika kina cha kifua changu. Mdomo wake wa chini ulielekea nyumba ya mama mkwe.

Yeye aliliona kama nilivyoliona. Asubuhi alikuwa akitoka na kikapu, anazoa udongo uliojaa mlangoni, anaupandisha kilimani kwa mgongo, anaumwaga, anashuka tena. Mwanamke wa umri wake. Nilimsihi aache, akaniambia anafanya mazoezi. Nilikwenda nyuma ya nyumba yangu nikalia kwa hasira, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilitaka kumkemea, na yote mawili hayakuwezekana.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, kabla ya mvua, kulikuwa na siku ya akina mama wa kanisa kwenda mjini. Nilingoja mama mkwe apande gari. Mzee alikuja na chombo chake cha kupimia, miti mitatu iliyofungwa kama herufi A na jiwe likining'inia kwa kamba katikati, akanionyesha mahali maji yatakapokaa sawa bila kukimbilia upande wowote. Tuliweka vijiti kuukata mteremko, juu kidogo ya mdomo wa korongo. Kisha alinitazama akasema, "Mama, hii ingine ni ya nyumba yenu. Mimi siwezi kuingia." Akaenda zake. Nikapiga moyo konde, nikaanza kuchimba.

Niseme mapema kwamba ile mitaro ilifaa, ili msomaji asikae akingoja. Hadi mvua zilipoanza tulikuwa nayo mitatu, na mwaka uliofuata sita, na nyasi tukazipanda juu yake. Korongo lilijaa polepole likawa bonde dogo la migomba. Nyumba ya chini haikuingia udongo tena. Wengi wa majirani walioshangilia siku ya trekta walikuja kutazama, wakaenda kuchimba yao, na hakuna aliyepiga vigelegele.

Siku yenyewe nilikuwa nimemaliza kipande cha hatua chache tu, jua likiwa bado upande wa Timboroa, nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe amesimama ukingoni. Gari lilikuwa limeharibika njiani, akarudi kwa miguu. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Nilibaki ndani ya mtaro na mimba yangu ya tatu na jembe langu; maneno ya kumweleza nilikuwa nimeyapanga kwa ajili ya jioni.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Nikamwambia hakuna.

"Nani yuko juu yako?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni mimi tu."

Alitazama juu ya shamba, akatazama chini kwenye nyumba yake, kisha akatazama udongo niliokuwa nautupa. Alishuka kwenda kwake. Nilidhani nimemwua. Niliketi kwenye ukingo nikijiuliza nitamweleza nini mwanawe Jumamosi, na kama niufukie mtaro mwenyewe kabla hajafika. Aliporudi alikuwa amevaa nguo ya kazi na ameshika jembe.

"Unachimba kama mtu anayetafuta viazi," akaniambia. "Udongo unautupa juu, si chini. Ni kazi zaidi, lakini utakaa shambani."

Aliingia. Kabla ya kuchimba alipima hatua kwenye mstari wa vijiti, midomo ikihesabu bila sauti, akachomeka tawi mahali hesabu ilipoishia. Sikuelewa hadi alipoanza. Sijawahi kuona mtu akichimba vile. Hakunyanyua jembe juu kupita bega, hakusimama kupangusa jasho; ukuta wa mtaro ulikuwa ukibaki nyuma yake umenyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu, na kila pigo udongo ulipanda juu ukatua ulipotakiwa. Nilijaribu kwenda naye sambamba nikashindwa, nikatoka nikaketi ukingoni nyuma yake. Nikiwa na nusu ya umri wake niliachwa nyuma, na ninakiri kwamba nilimwogopa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa mwili wake ulifundishwa wapi kazi hiyo.

Alifika kwenye tawi. Akaliondoa, akasimamisha jembe mbele yake, akaweka mikono juu ya mpini, akakaa hivyo. Hakutoka. Uso aliuelekeza juu ya shamba, kwenye ukingo ambako hakukuwa na mtu. Niliona amechoka, nikasema kwa huruma tu, bila kufikiri, "Mama, imetosha. Toka upumzike."

"Usiniambie nitoke," akasema.

Alisema taratibu, bila ukali, lakini niliteremsha macho. Nilisikia nilichokuwa nimekisema, na nafasi niliyokuwa nimeichukua juu ya ule ukingo nilipokuwa nimekaa. Nikashuka nikasimama ndani ya mtaro pamoja naye. Ng'ombe wa mzee walisikika ng'ambo ya mpaka.

"Siku ile nilimaliza kwanza," akasema hatimaye. "Akiwa mgongoni. Nilichimba hadi kwenye tawi."

Kisha alilitupa jembe likagonga ukuta wa mtaro. Alipiga magoti, akaifungua kanga aliyokuwa amejifunga kifuani, akaikumbatia, akamlilia mtoto wake kwa sauti kubwa, mchana kweupe, kwenye shamba lake mwenyewe. Nilimshika mabega nikalia naye. Watu walifika mpakani wakasimama, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alilia kadiri alivyotaka. Siku ile hatukuchimba tena.